Kioo Kilisema Hakuna Mtu

Makazi ya mgodini
3 Februari

Kitinda mdogo wangu,

Mashine yenu imefika, na imefika kwa mikogo. Dereva wa lori la vifaa aliishusha mwenyewe, hakutaka mtu aiguse, utadhani amebeba trei ya mayai. Mafundi wenu wakashinda hapa wanachomeka nyaya, na walipomaliza wakaung'oa ubao wangu ukutani. Misumari wameiacha. Kazi yangu ya miaka yote sasa imo ndani ya boksi jeusi lisilozidi mkate kwa ukubwa.

Wewe hujawahi kufika huku, na wakati mwingine nahisi umetengeneza kitu bila kujua kinakalia kiti cha nani. Basi sikiliza. Mimi nilikuwa nakaa mdomoni mwa handaki. Mchimbaji akiingia anachukua kibao chake cha bati msumarini, akitoka anakirudisha. Fundi baruti hageuzi ufunguo wa kulipua mpaka mimi niseme "Wazi," na mimi sisemi "Wazi" mpaka ubao ujae. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa inakulipia ada ya shule.

Sasa kila mtu ana kadi. Anaigusisha kwenye mashine akiingia, anaigusisha akitoka. Mimi nimehamishiwa chumba cha baruti, ng'ambo ya uwanja, nakodolea kioo kinachonitajia waliomo ndani. Kikiandika HAKUNA MTU NDANI, nasema "Wazi" vilevile kama zamani. Mluzi ananiita Mama Vibao Mstaafu. Huyu Mluzi nilishakusimulia, ni yule mchimbaji anayepiga miluzi kutwa, hata akitafuna anapiga.

Lakini mdogo wangu, mashine yako ni goigoi! Mtu anagusisha kadi, taa inafikiria, inafikiria tena, ndipo inawaka kijani. Watu wametoka kazini wamelowa, wamechoka, wanataka kuoga, wanasimamishwa foleni kama wanaomba kazi upya. Na matusi yote yananiangukia mimi, kwa kuwa ni dada wa mtengenezaji. Hebu ifundishe haraka kidogo, nipate kupita uwanjani kwa amani.

Shemeji yako anakusalimu. Na yeye foleni imemchosha. Si unajua tabia yake? Watu wake wakiwa wanatoka, yeye ananyapa kwa pembeni kurudi ndani kukagua nyaya na matundu ya baruti. Ndiyo maana ni nyapara, na ndiyo maana wanamwita Nyapara hata watoto wake mwenyewe.

Uandike. Simu tunaziacha getini kwa sababu ya baruti, na huku makazini hata ukipanda juu ya paa hupati mtandao. Mtu wetu ni dereva wa lori tu.

Dada yako

*

Ofisini
12 Februari

Dada,

Nimecheka peke yangu mpaka mwenzangu wa meza ya pili akauliza kulikoni. Haya, goigoi wako nimempatia dawa.

Programu ile nimeiandika kwa lugha nyepesi ya kompyuta. Kila kadi ikiguswa inafungua faili lenye orodha ya waliomo ndani, inaongeza jina au kulifuta, kisha inaliandika faili upya kwenye diski. Mimi nilikuwa nimeiamuru isubiri mpaka diski ijibu kwamba imemaliza kuandika, ndipo iwashe taa. Na diski yenu huko, kwa lile vumbi na umeme wa kubabaisha, inaandika kama mzee anayetafuta miwani yake. Sasa nimeondoa kule kusubiri. Programu inatoa amri "andika," inawasha taa papo hapo, inamgeukia anayefuata. Diski itamaliza kwa wakati wake. Ni kama mhudumu wa hoteli: hasimami jikoni kukodolea chai yako mpaka ichemke, anakwenda kupokea oda ya meza nyingine.

Na ujue badiliko lenyewe ni dogo mno. Lugha hii ina neno moja la kuiambia programu ingoje. Nimelifuta kila mahali lilipokuwa, basi. Nilipoonyesha majaribio, Bosi alisimama akapiga makofi, akaniita Injinia mbele ya ofisi nzima. Tangu niajiriwe alikuwa ananiita "wewe wa dirishani." Anasema hili ndilo toleo atakalolipeleka kwenye migodi mingine.

Nimeliweka kwenye flashi, dereva anayo. Fundi wenu wa kompyuta aliweke zamu ikiwa mapumziko. Kisha pita uwanjani kifua mbele.

Kitinda wako (Injinia)

*

Makazi ya mgodini
5 Machi

Injinia wa dada yake,

Foleni imekufa. Watu wanapita langoni kama maji bombani, tap, tap, tap, kijani, kijani, kijani. Jana kuna aliyenibebea ndoo mpaka mlangoni, bure, kwa heshima yako.

Ila kuna kitu nataka nikuulize, usinicheke.

Wiki iliyopita watu walikuwa wanatoka kwa mkumbo, Nyapara akapita upande wa pili akarudi ndani kukagua. Kadi aliigusisha. Mluzi alikuwa nyuma yake, ameiona taa ikiwaka kijani. Mimi huku kiooni naona majina yanapungua, yanapungua, mara: HAKUNA MTU NDANI. Nikafungua mdomo niseme "Wazi." Sijui ni mazoea au ni nini, nikachungulia kwanza dirishani. Nikamwona mume wangu anatoka handakini, anajifuta mikono kwenye suruali.

Alipogusisha kadi ya kutoka, mashine ikawaka nyekundu ikaandika: HAYUMO NDANI. Mluzi akamwambia, "Nyapara, wewe ulishakufa zamani, tunakustahi tu." Tukacheka wote. Mimi nilicheka kuliko wote, kisha nikarudi dirishani kuwahesabu waliotoka, kichwa kwa kichwa.

Nikadhani ni la mara moja. Juzi limerudi, Nyapara huyohuyo, mkumbo uleule. Fundi baruti anasema ni kadi yake mbovu. Inawezekana. Wewe unasemaje?

Dada yako

*

Ofisini
14 Machi

Dada,

Usitishike. Vumbi likiingia kwenye kadi linafanya hivyo, fundi wenu ampatie shemeji kadi mpya. Nitaangalia na huku nikipata nafasi. Kwa sasa hatupumui, Bosi anaandaa wageni kutoka migodi mingine waje kuuona mfumo unavyofanya kazi hapo kwenu, mwisho wa Aprili.

Msalimie shemeji "marehemu."

Kitinda

*

Nyumbani
23 Machi

Dada yangu,

Barua hii isome ukiwa peke yako.

Mwambie shemeji asirudi tena ndani watu wakiwa wanatoka. Asirudi kabisa. Sababu tafuta wewe, mwambie ni mgongo, mwambie ni goti lile alilovunjika, mwambie mimi nimeota vibaya. Kama ukaguzi ni lazima, kuna watu wengine, waufanye wao.

Yale uliyoniandikia nimeyaangalia. Nitakueleza siku tukionana uso kwa uso. Kwa sasa usiniulize, na barua yangu usimwonyeshe mtu, hasa wa ofisi ya mgodi.

Nifanyie hilo tu. Nakuomba kama nilivyokuwa nakuomba utotoni unifiche nyuma yako.

Kitinda

*

Makazi ya mgodini
2 Aprili

Mdogo wangu,

Una nini? Barua yako niliisoma jikoni nikaisoma tena chumbani, nikaitafuta sauti yako humo ndani sikuiona. Unaumwa? Umegombana na watu ofisini? Mwanzoni moyo uliniruka, nikasema ni kile kioo. Halafu nikajituliza: kama kingekuwa kioo, Kitinda angetuambia wote, asingemtaja shemeji yake peke yake. Kwa hiyo nimejua si hicho. Nimeamua ni ile hofu yako ya tangu Baba alipoanguka kazini. Hata mimi hunijia.

Lakini ulivyoniomba ndivyo nilivyofanya. Nilimshikia Nyapara goti lake bango. Kila akiinuka, mimi "goti hilo," kila akikaa, "si nilikwambia goti." Akachoka, akasema basi, yaishe. Ukaguzi amempa Mluzi. Nyapara anamwamini, anasema jicho lake halikosei waya.

Ungemwona Mluzi alivyofurahi! Amekuja hapa na mkewe kushukuru, kana kwamba amepewa ukuu wa mgodi. Mkewe ni mpole, anaongea kwa kunong'ona, nadhani ni kwa sababu miluzi imejaza nyumba hakuna nafasi ya sauti nyingine. Mluzi akasema, "Mama Vibao, sasa mimi ndiye nitakayekuwa naifunga milango ya ardhi." Nikamwambia aache maneno makubwa anywe chai yake.

Tangu aanze, kioo kilishamkosa mara moja. Kilisema hakuna mtu na yeye yumo. Nilimwona dirishani akitoka nikanyamaza, nikasubiri. Kwa hiyo si kadi ya Nyapara iliyokuwa mbovu. Uliangalie basi na hilo.

Na ujitunze. Ukiwa na neno, liseme.

Dada yako

*

Makazi ya mgodini
10 Aprili

Kitinda,

Mluzi amekufa. Jana mchana.

Wageni walikuja mapema. Tuliambiwa mwisho wa mwezi, jana tukaona magari yanaingia na Bosi wako akiwa mbele. Yakaegeshwa uwanjani, mbele ya dirisha langu, nikabaki naona milango ya magari tu. Nyapara aliwekwa chini ya turubai awaeleze wageni jinsi tunavyochimba. Zamu ikaamriwa itoke haraka, wote kwa pamoja, wakapige picha.

Kioo kikapunguza majina mpaka kikaandika HAKUNA MTU NDANI. Fundi baruti akanitazama. Nikainuka kuchungulia, nikaona magari. Bosi wako akaingia na mgeni mmoja, akamwambia, "Mwone huyu mama, zamani alikuwa anahesabu mabati." Wote wananitazama.

Nikasema "Wazi."

Ni mimi niliyesema.

Mlipuko uliposikika, wageni walipiga makofi. Bado wanapiga makofi, nikasikia Nyapara anauliza, "Mluzi yuko wapi?" Akauliza mara ya pili. Tangu nimeolewa sijawahi kuisikia sauti ile. Kisha akakimbia, na lile goti.

Walimtoa alasiri. Nisikwambie zaidi ya hapo.

Asubuhi hii ofisi ya mgodi imesoma tangazo kwamba marehemu aliingia ndani bila kugusisha kadi, kwa uzembe wake. Mwenzake aliyekuwa anatoka anasema aliiona taa ikiwaka kijani. Wamemwambia anyamaze mpaka aulizwe.

Nina swali moja, mdogo wangu. Wewe uliniambia mume wangu asirudi ndani. Kwa nini?

Dada

*

Nyumbani
11 Aprili

Dada,

Barua yako ya tarehe mbili nimeipata leo hii, na naandika nikiwa nimesimama. Mtoeni Mluzi kwenye ukaguzi. Leo. Usimalize kusoma, nenda kamwambie, kisha urudi usome.

Ni kile kioo. Kilikuwa kioo tangu mwanzo, na mimi nilijua.

Nilikwambia nimeifanya programu isisubiri diski. Sikufikiria watu wawili wakigusisha kadi karibu kwa pamoja. Fikiria makarani wawili wenye orodha moja. Wa kwanza anachukua nakala, anafuta jina la anayetoka. Kabla hajairudisha, wa pili naye amechukua nakala, anaongeza jina la anayeingia. Wa pili anawahi kurudisha yake. Halafu wa kwanza, aliyechelewa, anaweka yake juu, na hiyo haina jina la aliyeingia. Mtu amegusisha kadi, taa ya kijani ameiona, lakini kwenye faili hayumo. Zamani haikuweza kutokea, kwa sababu karani mmoja alimngoja mwenzake. Mimi ndiye niliyewaambia wasingojane.

Na anayeingia wengine wakitoka kwa mkumbo ni nani? Ni yule anayekagua. Siku zote ni yule anayekagua.

Kasoro hii niliigundua siku chache kabla ya kukuandikia ile barua fupi. Nilimwendea Bosi. Akafunga mlango, akashusha na mapazia. Akaniuliza, "Kuna mtu ameumia?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi hujaona kitu." Tukisema sasa, wageni hawaji. Kasoro itarekebishwa kimyakimya kwenye toleo lijalo. Nikaona maneno yake yana akili. Nikajiambia ni wiki chache tu, nikimwondoa shemeji hapo itakuwa salama. Nilikuwa na maana salama kwetu. Sikutaka kujiuliza nani atasimama pale shemeji akiondoka. Mpaka leo ulipomtaja kwa jina, na chai aliyokunywa.

Rudisheni vibao vyenu. Misumari si ipo? Mwonyeshe fundi baruti barua hii, mwonyeshe kila mtu, asigeuze ufunguo kwa neno la kioo kile. Nimepiga simu ya mezani ya ofisi ya mgodi tangu asubuhi, haipokelewi. Na Bosi hayupo, wanasema amesafiri, hawasemi wapi. Ninaileta barua hii mwenyewe kituo cha malori, nitampa dereva mkononi.

Wageni ni mwisho wa mwezi. Tuna muda, Dada. Mtoeni tu.

Kitinda

*

Makazi ya mgodini
16 Aprili

Shemeji,

Si kawaida yangu kuandika. Dada yako ndiye mwenye kalamu humu ndani, lakini hajaishika tangu barua yako ifike. Aliisoma amekaa kizingitini. Akanipa nikaisoma. Akaenda kuanika nguo.

Tulishamzika Mluzi ulipokuwa unasema tuna muda.

Nilimpa nafasi yangu kwa sababu ya goti. Goti langu ni zima. Niliacha kubishana kwa kuwa nilidhani mke wangu ana wasiwasi wa kawaida wa wake za wachimbaji.

Kuna kikao cha uchunguzi kinakuja. Ofisi ya mgodi na Bosi wako wanasema neno moja: hakugusisha kadi. Mkewe amekwisha kuambiwa hivyo, kwamba mume alijiua kwa uzembe. Mtu aliyekuwa akirudi nyuma kuokota misumari ya wenzake ili isiwachome! Na watoto wake watakua wakiambiwa hivyo.

Wewe unajua aliigusisha. Njoo useme.

Sikuiti kwa hasira. Hasira ninayo, lakini siyo iliyoandika barua hii.

Mume wa dada yako

*

Nyumbani
22 Aprili

Shemeji,

Barua ya Dada ya tarehe kumi ilinifikia siku moja kabla ya yako. Sitajaribu kuandika ilivyokuwa.

Ninakuja. Bosi alirudi akanikuta nanakili programu na mafaili ya lango, akanipokonya kitambulisho cha ofisi. Alisema nikifungua mdomo nitakuwa nimejichimbia kaburi mwenyewe, kwa kuwa mkono ulioandika ni wangu. Nikamwambia ni kweli, ni wangu. Nakala nilishaitoa.

Msiniandalie mahali pa kulala. Nitatafuta kwingine.

Kitinda

*

Makazi ya mgodini
30 Mei

Kitinda,

Ulitazama upande wangu siku ile kwenye kikao, ukaniona nimeinamisha kichwa. Ulipotoka sikukufuata. Nyapara aliniambia ulisimama getini mpaka lori likakuchukua. Nilijua upo pale.

Nimechukua muda wote huu kutafuta la kukuandikia. Nianze na lile lililo jepesi. Uliyoyafanya pale yamefaa. Bosi wako aliongea vizuri sana, suti yake, sauti yake, nikaona wajumbe wanatikisa kichwa kumkubalia. Halafu wewe ukaomba waletewe mashine, ukawapanga makarani wa ofisi watoke mlangoni kwa mkumbo, ukamwomba mwenyekiti mwenyewe aingie chumba cha ndani wakati wao wanatoka. Mara ya kwanza haikutokea. Bosi akatabasamu. Mara ya pili haikutokea. Nikakuona unatokwa jasho. Ukaomba mara nyingine, kwa unyenyekevu, na safari hii kioo kikaandika HAKUNA MTU NDANI. Mwenyekiti akauliza kutoka kule chumbani, "Na mimi niko wapi?" Hakucheka mtu.

Jina la Mluzi limesafishwa. Tangazo lile wamelifuta, wamesoma jingine mbele ya zamu zote. Vibao vimerudi ukutani, nami nimerudi mdomoni mwa handaki.

Halafu wakakuuliza ulijua lini. Ungeweza kusema ulijua baada ya ajali. Barua zako zilikuwa kwangu, wala nisingezitoa. Ukasema ulijua tangu Machi, na ukawaonya watu wako peke yao. Mkewe Mluzi alikuwa amekaa nyuma yangu. Nilimsikia akivuta pumzi.

Sasa hili zito. Juzi nilimkuta bombani anachota maji. Nilikuwa nimemkwepa tangu kikao. Nikaweka ndoo yangu chini nikamwambia, "Mwenzangu, mimi ndiye niliyemtoa Nyapara pale. Mumeo aliwekwa kwa mkono wangu." Akaniuliza, "Ulijua?" Nikasema sikujua. Nikasema lakini niliogopa, na nilipoogopa nilimfikiria wa kwangu tu, na hofu iliyobaki nikaitafutia jina jingine ili nisiulize. Na "Wazi" nilisema mimi.

Ndoo yake ikajaa ikamwagika. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya kunong'ona, "Ningekuwa na mdogo wangu mjini, na mimi ningemtoa wangu."

Akajitwika ndoo akaenda. Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa heri angenitukana.

Kwa hiyo sina haki ya kukuhukumu, na nimekuhukumu hata hivyo. Neno moja lingetosha, Kitinda. Ungeandika "vibao" tu, hata bila sababu, ningevirudisha siku ileile kwa mikono yangu. Uliandika shemeji.

Lakini hilo silo lililonikalisha hapa kuandika. Bosi wako alisema mbele ya kikao kwamba toleo lilelile alishalipeleka kwenye migodi ya wale wageni, na huko halijaleta shida. Neno "bado" hakulisema, nilimsubiri alitamke. Ofisi yenu imefungwa, yeye haonekani, na kikao kimesema kitaandika barua kwa migodi hiyo. Jana nilimwuliza karani wao kama barua zimekwenda. Akasema zinasubiri sahihi.

Usiwaandikie, na usipige simu ukaambiwa mkuu ana wageni. Orodha ya migodi unayo kichwani, programu ni yako. Nenda kwa miguu yako mpaka mdomoni mwa kila handaki, mtafute anayekaa mbele ya kioo, kaa naye, usiondoke mpaka amekuelewa. Watakufukuza. Rudi tena.

Leo hii, ninapoandika, huko kuna mtu anageuka kurudi ndani wenzake wakitoka, na taa inamwakia kijani.

Ukimaliza migodi yote, uje nyumbani.

Dada yako